Imeunganishwa, Haina Intaneti

Julai iliyopita, kwa siku tatu mfululizo, simu yangu iliniandikia maneno yaleyale matatu: imeunganishwa, haina intaneti. Nimeiweka kwa Kiswahili tangu siku niliyoinunua, kwa ukaidi wa mwalimu mstaafu, kwa hiyo sikuwa na kisingizio cha lugha. Maneno niliyaelewa yote. Maana yake ndiyo iliyonipita.

Nyumba yetu iko ubavuni mwa kilima, njia ya kwenda Magamba. Ni ya tofali za kuchoma, kuta nene, bati juu. Rauta inakaa sebuleni juu ya kabati la vyombo, jirani na dirisha, kwa sababu hapo ndipo laini iliyomo ndani yake inapouona mnara. Chumba cha nyuma, anakolala mpwa wangu anapokuja likizo kutoka chuoni, wai-fai ilikuwa haifiki, na ikifika inafika imechoka. Basi nikashuka Lushoto mjini, nikanunua rauta ya pili ya bei ndogo na mita 20 za waya. Nikaupitisha waya darini, nikachomeka huku, nikachomeka kule. Taa zikawaka. Nikajisifu mbele ya mke wangu.

Kesho yake nyumba ikawa kama imeingiwa na mashetani. Simu ya mke wangu inafungua WhatsApp, yangu haifungui. Nikisogea sebuleni inafungua, nikikaa kidogo inakata. Kompyuta ya mpwa wangu ilikwenda vizuri hadi saa nne asubuhi, kisha ikamwacha katikati ya fomu aliyokuwa akiijaza. Tukazima rauta, tukawasha. Wote tukafurahi nusu saa, halafu ugonjwa ukarudi, safari hii kwa mtu mwingine. Nikanunua bando nikidhani la kwanza limekwisha. Nikanunua lingine. Siku ya pili nikamwita fundi. Alikuja na pikipiki, akabonyeza kitufe cha nyuma kwa ncha ya sindano mpaka taa zote zikazima, akaandika upya jina la wai-fai, akapokea shilingi 15,000, akaondoka. Mtandao ukatulia mpaka magharibi.

Siku hizo tatu sikupotezewa na ugumu wa mitambo. Nilipotezewa na neno. Tunalo neno moja, mtandao, na tunalitwisha mizigo yote. Mnara ukikosa umeme, mtandao unasumbua. Bando likiisha, mtandao unasumbua. Mtoto akibadilisha pasiwedi bila kusema, mkongo ukikatika baharini maili elfu kutoka hapa, waya ukigugunwa na panya darini: mtandao unasumbua. Ni kama zamani kila aliyejilaza tulivyosema ana homa. Malaria ilikuwa homa, taifodi homa, nimonia homa, na mganga alitoa majani yaleyale. Majani yetu ya leo ni zima-washa. Sikatai kwamba mara nyingi yanaponya. Ila yanaponya bila kukwambia ulikuwa unaumwa nini.

Ijumaa usiku, baada ya chakula, mpwa wangu alisogeza kiti. Anasoma uhasibu, si kompyuta. Nasema hivi ili msomaji asidhani nilikuwa na mtaalamu ndani ya nyumba. "Mjomba," akasema, "tusiulize mtandao una nini. Tuulize unaishia wapi."

Akachukua simu yangu, akaingia kwenye setingi za wai-fai, akagusa jina la mtandao wetu. Chini ya jina kulikuwa na vitu ambavyo nimevipita mara mia bila kuvisoma. Anwani: 192.168.1.102. Lango: 192.168.1.1. Akafungua kompyuta yake, akatafuta mahali palepale. Anwani: 192.168.1.102.

Tukatazamana. Watu wawili, namba moja ya nyumba.

Namba hizi zinastahili maelezo kidogo, maana karibu kila nyumba yenye wai-fai Tanzania inazo au inazo za ukoo wake, na karibu hakuna anayezijua. Mfumo wa anwani za intaneti uliozoeleka una namba kama bilioni 4.3 tu, na ilionekana mapema kwamba hazitatosha. Februari 1996 wahandisi wa intaneti walitoa waraka uitwao RFC 1918, wakatenga mafungu matatu ya namba ambazo hazitatumika barabarani, yaani kwenye intaneti ya wote, ila ndani ya nyumba na ofisi: zinazoanza na 10, zinazoanzia 172.16 hadi 172.31, na zinazoanza na 192.168. Mtu yeyote anaweza kuzitumia bila kuomba ruhusa. Ndiyo maana nyumba ya Lushoto na nyumba ya Maskati zinaweza zote kuwa na 192.168.1.1 zisigombane, kama vile kila nyumba inavyoweza kuwa na chumba cha kwanza kushoto.

Namba hizo hagawi mtu. Ndani ya rauta kuna karani. Wenyewe wanamwita DHCP, lakini karani anatosha. Simu ikiingia kwenye wai-fai inapaza sauti: nani atanipa namba? Karani anaikodisha namba kwa muda, tuseme saa 24, anaandika daftarini, kisha anaiambia jambo la pili ambalo ndilo kubwa: ukitaka kutoka nje, lango ni lile. Kwangu makarani walikuwa wawili, wasiojuana, kila mmoja na daftari lake. Daftari zote mbili zilianza kuhesabu mahali pamoja. Na rauta zote mbili, kwa vile zimetoka kiwandani na mazoea yaleyale, zilijiita 192.168.1.1. Lango la sebuleni lilitokea kwenye mnara. Lango la chumba cha nyuma lilitokea ukutani, maana rauta ile haikuwa na laini wala njia yake ya kutoka. Simu iliyojibiwa kwanza na karani wa nyuma ilioneshwa ukuta. Imeunganishwa? Ndiyo. Ina intaneti? Haina. Simu yangu ilisema kweli siku zote tatu, na mimi nilikuwa nikiigombeza.

Tiba haikuzidi dakika sita, nikihesabu na muda wa kutafuta miwani. Tulichomoa waya wa darini. Mpwa wangu akaunganisha kompyuta na rauta ya nyuma peke yake, akaandika 192.168.1.1 pale juu panapoandikwa anwani za tovuti, na ukurasa wa setingi ukafunguka. Akabadilisha namba ya rauta ile ikawa 192.168.1.2. Akatafuta mahali palipoandikwa DHCP, akazima. Rauta ikajiwasha upya. Tukarudisha waya. Kuanzia hapo rauta ya pili ikawa kipaza sauti cha ya kwanza tu, na karani akabaki mmoja. Yule fundi simlaumu sana. Alitibu rauta aliyooneshwa. Ya pili ilikuwa chumba cha nyuma chini ya kitanda, na mimi sikumwambia ipo, kwa sababu akilini mwangu ile haikuwa sehemu ya ugonjwa. Ilikuwa ndiyo dawa.

Nimekaa na jambo hili mwaka mzima, na nimefika mahali pa kusema wazi: kujua njia ya mtandao ndani ya nyumba yako ni kazi ya mwenye nyumba, kama kujua koki kuu ya maji iko wapi na swichi kuu ya umeme iko ukuta gani. Haihitaji cheti. Inahitaji kuacha uoga wa ukurasa mmoja wenye namba.

Na watu wa milima hii, kusema kweli, kazi yenyewe tunaijua. Ukienda mabonde ya Lukozi au Mlalo kwenye kabichi na karoti, maji ya mfereji yasipofika shambani hakuna anayeanza kwa kulalamika kwamba maji yanasumbua. Anachukua jembe, anaufuata mfereji kwenda juu. Kwa jirani yapo? Kwenye mgawanyo yapo? Kwenye banio yapo? Anaposikia maji, anajua tatizo liko kati ya hapo na pale alipotoka. Hakuna anayevunja banio kwa sababu kichuguu kimeziba mfereji mita kumi kutoka kwake. Lakini kubonyeza kile kitufe cha sindano na kufuta kila kitu, hicho ndicho tunachofanya.

Kuufuata mtandao kwenda juu ni hivyohivyo. Swali la kwanza ni kati ya simu na rauta. Fungua ukurasa wa rauta kwa namba ya lango. Ukifunguka, wai-fai yako ni nzima, usiiguse. Anwani ya simu yako ikianza na 169.254, hiyo ni namba ambayo kifaa kimejipa chenyewe kwa kukata tamaa: kimeita karani, hakuna aliyeitika. Swali la pili ni kati ya rauta na mnara, na jibu liko kwenye ukurasa huohuo: kuna mawimbi? Rauta imepewa anwani na kampuni? Bando lipo? Swali la tatu ni kati ya mnara na dunia. Hapo watu wa kompyuta wana kijijembe kiitwacho ping. Mmarekani mmoja, Mike Muuss, alikiandika Desemba 1983 na akakipa jina la ule mlio ambao nyambizi hupiga majini ili kusikiliza mwangwi wake. Kwenye kompyuta ya Windows unafungua lile dirisha jeusi la amri, unaandika ping, nafasi, kisha 8.8.8.8, ambayo ni namba ya Google. Ukijibiwa, umefika duniani na kurudi, na unaambiwa safari imechukua milisekunde ngapi.

Sasa ikiwa namba inajibu lakini tovuti haifunguki? Hapo ni swali la nne, ambalo wengi hawalifikirii kabisa: majina. Kompyuta hazijui majina ya tovuti, zinajua namba, na kati yao na sisi kuna daftari kubwa la kutafsiri, DNS, lililobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Daftari la kampuni yako likilala, kila kitu ni kizima na hakuna kinachofunguka. Unaingia kwenye setingi, panapoandikwa DNS unaweka 8.8.8.8 ya Google au 1.1.1.1 ya Cloudflare, na mambo yanarudi. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo peke yangu, mke wangu akiwa kanisani, nilitamani awepo shahidi.

Hapa kwetu lawama ya kwanza huwa ni ukungu. Juni na Julai ukungu unapopanda kutoka Mombo na kuifunika Irente mpaka huoni mti wa jirani, utasikia: leo ukungu, mtandao hakuna. Mawimbi ya simu hayasumbuliwi na ukungu namna hiyo. Urefu wa wimbi moja la 4G ni sentimita kadhaa hadi makumi ya sentimita, na tone la ukungu ni sehemu ndogo sana ya milimita. Wimbi linapita kama ng'ombe apitavyo kwenye umande. Mvua kubwa ni habari nyingine. Minara mingi ya milimani hupokezana mawasiliano kwa sahani za mawimbi mafupi zaidi, na hayo mvua ya namna hiyo inaweza kuyachosha, kama inavyochosha dishi la televisheni. Hata hivyo adui mkubwa wa Usambara ni Usambara yenyewe. Mlima hauzungumziki. Nyumba iliyo nyuma ya kigongo inaweza kuwa jirani kabisa na mnara na isipate kitu, wakati mtu aliyekaa Mtae kwenye ukingo anazungumza na minara ya tambarare iliyo chini kabisa kama yuko Mkomazi.

Kwa hiyo mahali pa kuweka rauta si suala la urembo. Ukurasa wa rauta unaonesha nguvu ya mawimbi kwa namba yenye alama ya kutoa mbele, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo nzuri. Dirishani kwangu ni -97. Mezani, hatua nne tu kutoka hapo nyuma ya ukuta, ni -108. Mtu atasema tofauti ni kumi na moja, si kitu. Lakini kipimo hiki kila kikiongezeka kwa kumi, nguvu inazidishwa kwa kumi. Hatua zile nne zilikuwa zinanipokonya zaidi ya sehemu tisa katika kumi za mawimbi niliyokuwa nayo, na mimi nilikuwa ninanunua bando kubwa zaidi ili kufidia. Zungusha rauta yako nyumbani siku moja ukiwa umefungua ukurasa huo, soma namba katika kila dirisha. Ni kazi ya jioni moja, na haina gharama.

Kuna siku ambazo kufuata mfereji kunakwambia ukae utulie. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika kwa pamoja upande wa kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. SEACOM ndiyo iliyotufungulia mlango mwaka 2009 ilipotua Dar es Salaam; tulizoea mno kuwapo kwake. Siku ile jirani yangu alipoona kurasa hazifunguki alichukua sindano. Akafuta setingi zake zote: jina, pasiwedi, mipangilio ya laini. Mkongo ulipopata nafuu, mtaa mzima ukarudi hewani isipokuwa yeye. Kama angefungua ukurasa wa rauta angeona mnara upo, anwani ipo, kila kitu kwake ni kijani, na kwa hiyo balaa liko mbali kuliko mkono wake unavyoweza kufika. Angekwenda shambani.

Nije kwa mafundi, maana nina neno nao. Wapo wazuri, na maisha ya fundi wa milimani si ya kuonewa wivu: pikipiki, kona za Soni, mteja anayedai punguzo. Lakini umekuwapo mtindo wa fundi kufunga rauta, kuweka pasiwedi yake mwenyewe kwenye ukurasa wa setingi, kisha kuondoka nayo kichwani. Ukimuuliza anasema ni kwa usalama wako, usije ukaharibu. Kila ukitaka kubadilisha hata jina la wai-fai, ni 15,000 nyingine. Huyo amekujengea nyumba akaondoka na ufunguo. Na wenzake walio kinyume chake wanaacha pasiwedi ya kiwandani, admin kwa admin, ambayo hata mtoto wa jirani aliyepewa wai-fai kwa ukarimu anaweza kuiandika.

Msidhani hilo la pili ni dogo. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai ilizunguka dunia ikibisha hodi kwenye kamera na rauta za watu wa kawaida. Haikuwa na akili nyingi. Ilikuwa na orodha ya jozi kama 60 tu za majina na pasiwedi za kiwandani, ikazijaribu moja baada ya nyingine. Kwa hizo tu ilikusanya jeshi la vifaa vya majumbani, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilielekezwa kwa kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikitunza madaftari yale ya majina, na Wamarekani wengi wakashindwa kufungua Twitter na Netflix kwa saa kadhaa. Wenye kamera wenyewe hawakujua lolote.

Ninachodai kwa fundi ni karatasi moja. Anwani ya ukurasa wa rauta, jina la kuingilia, pasiwedi ya ukurasa, pasiwedi ya wai-fai, namba ya laini iliyomo ndani, na yale maneno ya mpangilio wa laini yaitwayo APN. Kwa mkono, kwa kalamu isiyofutika. Yangu nimeibandika ndani ya mlango wa kabati, si juu ya rauta, maana wageni wana macho. Fundi asiyetaka kuandika karatasi hiyo asilipwe. Ninajua nitakutana na baadhi yao Jumatatu stendi, na sitarudi nyuma.

Najua pia pingamizi litakalokuja: wewe una rauta mbili, wengi huku wana simu moja na bando la siku. Kweli kabisa. Lakini anayewasha hotspoti ili mdogo wake afanye kazi ya shule amekwisha kuwa mwenye mtandao wa nyumbani. Simu yake imegeuka rauta, ina karani ndani yake, inagawa namba. Simu nyingi za zamani za Android hugawa zinazoanza na 192.168.43, na iPhone hugawa za 172.20.10. Mdogo mtu akisema haisomi, maswali ni yaleyale manne. Tofauti ni kwamba banio liko mfukoni.

Yapo mambo ambayo hata ukiyajua hayakupi nguvu ya kuyaondoa, lakini yanakuokolea pesa. Jirani mwingine ana nyumba ya wageni, alitaka kuziona kamera zake akiwa Dar es Salaam. Akaambiwa afungue porti, yaani mlango kwenye rauta wa kuingilia kutoka nje. Akafungua. Akaambiwa anunue rauta bora. Akanunua. Ukurasa wa rauta yake ulikuwa ukionesha anwani ya nje inayoanza na 100.72, na hapo kesi ilikuwa imekwisha siku ya kwanza. Kwa uhaba uleule wa namba, kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na mwaka 2012 lilitengwa fungu maalumu kwa kazi hiyo, kuanzia 100.64 hadi 100.127. Ukiwa humo, mgeni kutoka nje hawezi kukugongea mlango hata ufungue porti zote, kwa sababu mlango wa nje si wako. Alichohitaji ni kamera inayopeleka picha yenyewe kwenye seva, au kuiomba kampuni anwani yake. Rauta ya bei mbaya ilimsaidia kupoteza pesa tu.

Kinachotutisha zaidi, nadhani, ni kwamba ukurasa ule hauzungumzi nasi. Ni Kiingereza, tena Kiingereza cha watu ambao nao walitafsiri kutoka Kichina. Hili si la kukosa uwezo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi uliotoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, wakati wengi wetu hatujamiliki hata kompyuta. Wataalamu walishatupa kipanganjia kwa ajili ya rauta, nami ninaliheshimu neno hilo ingawa sijawahi kulisikia stendi ya Lushoto. Maneno tutayapata. Lango tayari linaeleweka kuliko neno la Kiingereza linalolisimamia. Kukodisha namba ni Kiswahili safi na ndivyo mtambo unavyofanya. Na somo la kompyuta lipo katika sekondari zetu. Siku moja ya kufungua ukurasa wa rauta ya ofisi ya mwalimu mkuu, mkiwa mmesimama kuizunguka, ingewafundisha vijana kuliko kukariri sehemu za kompyuta ambazo hawajazigusa.

Wiki mbili zilizopita shangazi yangu wa Mlalo alinipigia. Ni mtu mzima sana, na rauta yake aliletewa na wanawe. Nikamwamkia, akaitikia, nami kwa mazoea nikaanza: "Shangazi, hebu izime kwanza, uhesabu mpaka—"

"Nimezima nimewasha, baba. Taa ya wai-fai kijani, taa ya mnara nyekundu. Nimekwenda kwa jirani, yake nayo nyekundu."

"Basi si kwako, Shangazi."

"Najua si kwangu. Sikukupigia kwa hilo. Mjukuu wangu anatuma maombi ya mkopo wa chuo na siku zinaisha. Nataka kujua huko kwenu ipo, nimpakie kwenye pikipiki."

Nikapanda juu ya kiti, simu sikioni, nikatazama juu ya kabati. Zote kijani. Nikamwambia ampakie, avae sweta.